Martin Rinkart, mchungaji aliyesifu kati ya makaburi

Katika makanisa yetu wengi wamezoea kufikiri kwamba anayemsifu Mungu kweli ni yule ambaye uso wake hauonyeshi huzuni yoyote. Aliyefiwa anaambiwa afute machozi kwanza, ndipo asimame kuimba. Maisha ya Martin Rinkart, mchungaji wa Kilutheri aliyetunga mmoja wa nyimbo za shukrani zinazojulikana sana duniani, hayakubaliani na mawazo hayo.

Alizaliwa tarehe 23 Aprili 1586 katika mji mdogo wa Eilenburg, jimbo la Saxony, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa mapipa. Kijana alijaliwa kipaji cha muziki, akaenda Leipzig kusoma katika shule ya Mtakatifu Thomas na kuimba katika kwaya yake, kisha akasoma theolojia katika chuo kikuu cha mji uleule. Alipoomba utumishi nyumbani kwao, msimamizi wa wachungaji alimkataa. Sababu aliyoitoa ni kwamba Rinkart alikuwa hodari wa muziki kuliko wa theolojia. (Waimbaji wetu wengine wanajua uchungu wa neno kama hilo.) Basi akatumika Eisleben na Erdeborn, mpaka mwaka 1617 alipoitwa Eilenburg. Alibaki hapo miaka 32, mpaka kufa kwake.

Mwaka uliofuata ikaanza vita, ile inayoitwa Vita ya Miaka Thelathini. Eilenburg ulikuwa na kuta, kwa hiyo watu wa vijijini walikimbilia humo na vitu vichache walivyoweza kubeba, wakasongamana. Majeshi yalipita, jeshi moja likiondoka na lingine likija. Askari waliwekwa wakae katika nyumba ya mchungaji, na chakula chake kikaporwa.

Ni katika miaka hiyo, yapata 1636, Rinkart alipoandika beti zake tatu. Hakuziandika kwa ajili ya sikukuu wala kwaya kubwa. Zilikuwa sala ya mezani ya nyumba yake, ya kuimba pamoja na watoto baada ya kula. Mawazo yake aliyatoa katika kitabu cha Yoshua bin Sira, ambacho hakimo katika Biblia za Waprotestanti wengi, lakini Luther alikitafsiri na kukihesabu kuwa chafaa kusomwa. Ubeti wa kwanza unamshukuru Mungu aliyetutunza tangu tumboni mwa mama zetu. Wa tatu unamtukuza Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Wa pili ni maombi: Rinkart anamwomba Mungu moyo wenye furaha, amani, na kuokolewa katika taabu. Mimi naona ubeti huo ndio ufunguo wa wimbo wote, kwa kuwa anayeomba amani hasemi kwamba tayari anayo.

Mwaka 1637 tauni ikaingia mjini. Msimamizi wa wachungaji aliondoka. Wachungaji wenzake wawili wakafa, na Rinkart ndiye aliyewazika. Akabaki peke yake. Kulikuwa na siku ambazo alisoma ibada ya mazishi kwa watu 40 au 50, na jumla ya aliowazika inahesabiwa kuwa 4,480. Mwezi wa Mei alimzika mke wake mwenyewe. Mwishowe wafu walikuwa wengi mno, wakimbizi wakazikwa katika mitaro bila ibada. Yeye tauni haikumpata.

Baada ya tauni ikaja njaa, hata watu 30 au 40 waligombania paka mmoja au kunguru aliyekufa. Rinkart alitoa karibu yote aliyokuwa nayo kwa waliokusanyika mlangoni pake, naye ikambidi kuweka rehani mapato yake ya miaka ya mbele ili kuwalisha na kuwavika watoto wake.

Tena Waswedi wakafika, wakadai mji ulipe thaler 30,000. Rinkart alikwenda kambini kuwaombea watu wake huruma, naye jemadari akamkatalia. Akarudi, akawaita watu waliokuwa naye waingie kanisani. Hawakuwa na fedha wala silaha, basi wakaimba na kupiga magoti. Baadaye jemadari alipunguza deni lile mpaka chini ya sehemu moja ya kumi.

Mwanamuziki Johann Crüger wa Berlin alizipa zile beti za mezani sauti inayoimbwa mpaka leo, na baadaye Bach akaitumia katika kazi zake. Amani ilitiwa sahihi mwezi wa Oktoba 1648. Rinkart aliiona amani ile aliyokuwa ameiomba mezani, lakini kwa muda wa mwaka mmoja na kidogo tu. Alikufa Eilenburg, akiwa amechoka sana, tarehe 8 Desemba 1649, mwenye umri wa miaka 63.