Joho la Augustus

Wazee wetu walinena kwamba mpanda ngazi hushuka. Neno hilo twalisema kwa wepesi, na ni mara chache tuulizao ni nani aliyeishika ngazi chini wakati mwenyewe alipokuwa juu. Leo twampa msomaji habari za mtu mmoja aliyepanda ngazi ndefu katika mji wa Constantinople, ule Waarabu waliouita Kustantiniya na ambao leo ni Istanbul. Alipanda hata hapakuwa na wa kumshinda kwa amri ila Kaisari mwenyewe na mkewe, kisha akashuka hata akawa anaomba mkate bandarini. Jina lake ni Yohana, naye hujulikana kwa nchi alikotoka: Yohana Mkapadokia.

Zama zenyewe ni karne ya 6 Miladia, kabla ya kuzaliwa Mtume wetu (S.A.W.). Milki ya Rum, ambayo Kurani Tukufu ina sura yenye jina lake, ilikuwa chini ya Kaisari Justinian aliyetawala tangu mwaka 527 hadi 565. Ndizo zama za Abraha, yule wa jeshi la ndovu, aliyekuwa mtawala wa Yemen. Na katika jiwe aliloliandika huko Maarib alipotengeneza bwawa, ametaja kuwa wajumbe wa mfalme wa Rum walimwendea. Justinian ndiye aliyeijenga Aya Sofia, iliyokamilika mwaka 537, ambayo ilifanywa msikiti mwaka 1453, ikawa nyumba ya makumbusho katika karne ya 20, na ikarudishwa kuwa msikiti mwaka 2020. Mwenye kulitazama kuba lile leo husifu aliyeamrisha lijengwe. Ni wachache waulizao fedha zilitoka wapi, na nani alitumwa kwenda kuzitoza.

Yohana alizaliwa Kaisaria katika jimbo la Kapadokia, mji ambao sasa ni Kayseri nchini Uturuki. Hakuwa mtu wa ukoo mkubwa wala hakuwa mwanachuoni. Adui zake wameandika kwa kumcheka kwamba chuoni hakupata kitu ila herufi, na hizo nazo aliziandika vibaya. Lakini Mungu alimjaalia akili ya hesabu na jicho la kuona haja kabla haijafika, na hayo hata hao adui zake hawakuweza kuyakana. Alianza ukarani katika afisi ya amiri wa jeshi, na huko Justinian akamtambua kabla yeye mwenyewe hajatawala. Mwaka 531 akampa cheo kikubwa kuliko vyote katika utawala wa mashariki. Kwetu tungemwita waziri mkuu na mweka hazina kwa pamoja, kwani kodi za Misri, Shamu na Anatolia zote zilipita mikononi mwake, na chakula cha askari na nafaka ya mji vilimtazama yeye.

Kazi hiyo ilikuwa ngumu kwa sababu Kaisari alikuwa mtu wa matumizi. Mwandishi Procopius ametaja kuwa Kaisari Anastasius, aliyekufa mwaka 518, aliacha katika hazina ratili 320,000 za dhahabu. Akiba hiyo haikukaa. Palikuwa na vita na Waajemi, palikuwa na majengo, na mwaka 532 amani na Waajemi ilinunuliwa kwa ratili 11,000 za dhahabu. Justinian alitaka kurudisha nchi zote ambazo Rum ilizipoteza upande wa magharibi, na alitaka kujenga kila mahali. Fedha ya yote hayo Yohana aliambiwa aitafute, naye akaitafuta.

Namna alivyoitafuta ndiyo iliyomtia ubaya. Alipunguza makarani, akatuma watozaji wakali majimboni, na wenye mali walisimulia habari za kufungwa na kupigwa mpaka watoe walichokificha. Alifuta sehemu kubwa ya farasi wa posta ya serikali katika Anatolia ili kupunguza gharama. Katika daftari jambo hilo lilikuwa zuri. Lakini wakulima wa bara, waliozoea kuviuzia nafaka na majani vituo vya farasi hao, walibaki na mazao yao yakioza, na kodi ilidaiwa kwa dhahabu vilevile.

Januari ya mwaka 532 watu wa mji waliinuka. Mashabiki wa mashindano ya magari ya farasi, waliogawanyika katika vyama vya Buluu na Kijani na ambao siku zote walipigana wao kwa wao, safari hii walisikilizana. Uasi ule hujulikana kwa jina la Nika, neno la ushindi walilokuwa wakilipigia kelele. Walitaka wakubwa watatu waondolewe, na mmojawao ni Yohana. Kaisari hakukawia. Alimwondoa palepale, kama mtu atupaye shehena baharini ili kuokoa chombo. Fitina haikutulia, mwisho wake askari waliingia katika uwanja wa mashindano wakaua watu zaidi ya 30,000. Mji ulipokwisha kunyamaza, na kabla mwaka haujaisha, Yohana alirudishwa katika kiti chake. Hapo mwenye busara angejifunza jambo: kwamba bwana wake aweza kumtupa wakati wowote, na kwamba alimrudisha kwa kuwa alimhitaji, wala si kwa kumpenda.

Mwaka uliofuata Justinian alitaka kupeleka jeshi Afrika ya Kaskazini kuwapiga Wavandali waliokuwa wakitawala Carthage. Wakubwa wote waliogopa, lakini aliyethubutu kusimama mbele ya Kaisari na kupinga alikuwa Yohana peke yake. Alimhesabia urefu wa safari, gharama, na muda utakaopita kabla habari haijarudi. Kaisari alikubali kwa muda, kisha akageuka, na jeshi likatweka chini ya amiri Belisarius, merikebu 500 na askari 15,000. Carthage ilitekwa mwaka huohuo wa 533, na watu wakamcheka waziri. Lakini vita vya nchi ile na wenyeji wake viliendelea mpaka mwaka 548, na gharama yake ilikuwa kama alivyoogopa mwenye hesabu.

Katika safari hiyohiyo pana jambo ambalo halina udhuru. Mkate wa askari wa baharini hapana budi uokwe mara mbili ili ukauke usivunde. Yohana, kwa kutaka kupunguza kuni na ujira wa waokaji, alipeleka unga uliokandwa ukaokwe juu juu katika tanuu ya hamamu ya mji, hata ukaonekana kama umeiva. Walipofika pwani ya Ugiriki mkate wote ulikuwa umevunda na kunuka, na askari 500 walikufa kwa kuula. Belisarius aliwanunulia mkate wa wenyeji na kumwarifu Kaisari. Kaisari alimsifu Belisarius, na Yohana hakufanywa kitu.

Ili kumtendea haki, tutaje pia kwamba sheria nyingi za kutengeneza utawala zilizotoka tangu mwaka 535 zilielekezwa kwake azitekeleze, na mojawapo ilikataza kuuza vyeo vya majimbo, mtindo uliomfanya liwali aliyenunua kiti kurudisha fedha yake kwa kuwanyonya raia. Mwaka 538 alipewa heshima ya ukonsuli, cheo cha kale cha Warumi. Wakati huo inasemekana alitembea na walinzi wasiohesabika, alikula na kunywa kupita kiasi, na usiku hakulala. Aliamka mara kwa mara akichungulia milango, akihofu muuaji. Utajiri alikuwa nao, lakini usingizi hakuwa nao.

Adui wake mkubwa alikuwa Theodora, mke wa Kaisari, bibi aliyetoka katika watu wa michezo ya uwanjani akafika kitini kwa akili yake. Wakubwa wengine walimwogopa, lakini Yohana alimsengenya mbele ya mumewe. Theodora alijua kwamba Kaisari hatamwacha mtu amjazaye hazina kwa sababu ya malalamiko ya raia. Palihitajika kosa la uhaini.

Aliyelitafuta kosa hilo ni Antonina, mke wa Belisarius. Yohana alikuwa na mtoto mmoja tu, binti aitwaye Euphemia, naye alimpenda mno. Mwaka 541, Belisarius alipokuwa katika vita vya Waajemi, Antonina alijifanya rafiki wa msichana huyo. Alimnong'oneza kuwa mumewe amechoka kumtumikia Kaisari asiye na shukrani, na kwamba kama angepata mtu wa kumuunga mkono mjini jambo lingefanyika. Aliyathibitisha kwa viapo vikubwa. Binti akamwendea babake kwa furaha, na baba, aliyekuwa hamwamini mtu, akaliamini neno lililotoka kinywani mwa mwanawe.

Miadi iliwekwa ya kukutana usiku katika nyumba ya shamba ng'ambo ya bahari, karibu na Chalcedon. Inasemekana Kaisari alipata habari akamtumia mtu wa kumwonya asionane na bibi yule kwa siri, naye hakusikia. Alikwenda, akasema aliyoyasema. Nyuma ya ukuta walikuwapo Narses na Marcellus, watu wa jumba la Kaisari, pamoja na askari, wakisikiliza. Walipomrukia, walinzi wake walipigana, Marcellus akajeruhiwa, na Yohana akaponyoka. Watu wa wakati ule waliona kwamba lau angekwenda moja kwa moja kwa Kaisari angesamehewa. Lakini alikimbilia kanisani kutafuta hifadhi, na kwa kukimbia kwake akamwachia Theodora uwanja.

Akavuliwa cheo, mali yake ikatwaliwa, akapelekwa Cyzicus na kulazimishwa kuwa kasisi. Hapa pana jambo la ajabu. Wapiga ramli waliwahi kumwambia kwamba iko siku atavaa joho la Augustus, na Augustus ni lakabu ya makaisari wenyewe. Neno hilo lilimtia matumaini makubwa. Siku ya kufanywa kasisi hakuwa na vazi la kazi hiyo, basi akavikwa la kasisi mwingine aliyekuwa amesimama karibu, na jina la kasisi yule lilikuwa Augustus.

Kaisari alimrudishia sehemu kubwa ya mali, hata akaweza kuishi Cyzicus kwa raha. Raha hiyo haikudumu. Askofu wa mji ule, aliyechukiwa na wengi, aliuawa, na Yohana aliyekuwa na ugomvi naye akashukiwa. Alivuliwa nguo akapigwa mijeledi kama mwizi wa njiani, ingawa haikuthibitika kuwa ni yeye. Kisha akapakiwa chomboni na guo moja la kukwaruza, na kila bandari waliyotia nanga aliambiwa aombe mkate au visenti kwa wapitao. Hivyo ndivyo alivyofika Misri, akafungwa katika mji wa Antinoopolis. Theodora alipofariki mwaka 548 Kaisari alimwita arudi Constantinople. Alirudi akiwa kasisi vilevile, na cheo hakukipata tena mpaka alipokufa.

Wasomaji waliosoma habari za Harun al-Rashid na waziri wake Jaafar al-Barmaki, aliyeuawa mwaka 803, hawataona ugeni. Lakini katika kisa hiki tusisahau mambo mawili. La kwanza, waliotuandikia habari zake ni wawili walio wakubwa: Procopius, katibu wa Belisarius, na karani mmoja wa afisi ya Yohana mwenyewe, aliyemchukia mkubwa wake. Dhulma yake hatuwezi kuikana, lakini twaisikia kwa vinywa vya waliofurahi alipoanguka.

La pili ndilo zito. Yohana alipoondoka, kodi hazikupungua. Mwaka 542 tauni iliingia mjini, na Procopius ameandika kwamba waliobaki hai walidaiwa hata kodi za jirani waliokufa. Waziri aliyefuata baadaye, Peter Barsymes, naye alichukiwa kwa mambo yaleyale. Alibadilika mtozaji tu. Mwenye haja ya fedha alibaki kitini miaka 24 zaidi, na leo anasifiwa kwa kuba lake.

Basi mwenye kupewa cheo na aikumbuke dhamana yake. Mkubwa akikutuma kudhulumu, ujira wa kazi hiyo utaupokea wewe hapa duniani, na siku ya kulipa hutamwona mkubwa pembeni mwako. Na raia naye, akiona mtumwa wa mfalme ametupwa chini, asiharakishe kushangilia, bali angoje aone kama mzigo wake yeye umepungua hata ratili moja.