Charles Darwin na Maharage

Bwana Charles Darwin alizaliwa Shrewsbury, Uingereza, mwaka 1809. Wengi humsifu kwa safari yake ya baharini. Mimi namsifu zaidi kwa kazi aliyoifanya akiwa mgonjwa. Alipofungiwa chumbani na maradhi alikaa na mhopu katika chungu, akiuangalia usiku na mchana. Ncha yake ilizunguka mara moja kwa saa mbili hivi! Mwaka 1865 akatangaza: ukitazama toka juu, mhopu hufuata mshale wa saa, maharage huenda kinyume. Wabishi husema ikweta hugeuza mambo. La! Maharage ya Old Kampala na ya Masaka, ng'ambo ya ikweta, huzunguka kijiti upande ule ule. Alifariki mwaka 1882, akazikwa Westminster Abbey, London.