Wakili Aliyesimama na Wasio na Mtetezi

Wapendwa, wengi wetu tukipeleka mgonjwa Hurlingham tunapitia Barabara ya Argwings Kodhek. Lakini Kodhek alikuwa nani?

Clement Argwings-Kodhek, mwana wa Gem kule Nyanza, alizaliwa 1923. Alisoma Makerere, akaenda Uingereza, akarudi akiwa wakili wa kwanza Mwafrika nchini Kenya. Serikali ya mkoloni ilitaka kumwajiri kwa mshahara mdogo kuliko wa Mzungu wa kazi ileile. Akakataa, akafungua ofisi yake.

Huo ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari, na zaidi ya watu 1,000 walinyongwa. Kumtetea mshukiwa wa Mau Mau haikuwa mchezo. Kodhek alisimama nao kortini. Yeye Mjaluo, wao wengi Wakikuyu, na hilo halikumzuia.

Vyama vya kitaifa vya Waafrika vilipokatazwa, aliongoza chama cha Nairobi pekee. Mwaka 1957 aligombea kiti cha Nairobi, akashindwa na Tom Mboya. Hakukata tamaa. Mwaka 1963 alikuwa mbunge wa Gem, na baadaye Waziri wa Mambo ya Nje. Alifariki Januari 29, 1969. Ilisemekana ni ajali ya gari, kwenye barabara hiyohiyo yenye jina lake leo.

Mpendwa, jirani wa ploti yako akishikwa na polisi usiku, utauliza kwanza ni kabila gani, ama utaamka uende naye?