Earl wa Erroll: Uzinzi au Uchovu?

Ukitoka tao kwa Barabara ya Ngong ukielekea Karen, unakaribia mahali ambapo alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941 watu wa kupeleka maziwa walikuta gari la Buick limetoka barabarani. Ndani alikuwa Josslyn Hay, Earl wa Erroll, miaka 39, amepigwa risasi ya kichwa.

Wengi wakisikia jina hilo wanafikiria uzinzi, na kweli hakukosa. Alizaliwa London 1901, akafukuzwa shule ya Eton, na 1923 akamwoa Idina Sackville, aliyekuwa ameachana na waume wawili. Mwaka uliofuata wakahamia bonde la Wanjohi, karibu na Aberdare. Karamu za huko, jameni! Pombe, madawa, na wake za watu. Ndoa ikavunjika 1930. Akamwoa Molly, mwanamke aliyemtoa kwa mumewe, wakaishi kwenye jumba kando ya Ziwa Naivasha. Molly akafa 1939, pombe na madawa vimemmaliza.

Sasa tuangalie vizuri. Hizi tunazoita dhambi saba kuu zilianza kama orodha ya mawazo mabaya manane. Aliyeiandika ni Evagrius, mtawa aliyefariki jangwani Misri mwaka 399. Wazo mojawapo sisi tumeliita uvivu, tukalipunguza likawa ni kulala tu na kuchelewa kazini. Mzee yule alimaanisha kitu kizito zaidi: moyo kuchoka na pale ulipo, mchana kuonekana hauishi, mtu kutamani chumba kingine, kazi nyingine, watu wengine. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa bizi kutoka asubuhi hadi usiku. (Soma Mhubiri 2 ukifika nyumbani.)

Ukimtazama Erroll hivyo, hesabu inabadilika. 1934 alijiunga na chama cha mafashisti wa Uingereza. 1939 akachaguliwa Baraza la Kutunga Sheria, akiwakilisha Kiambu, na vita vilipoanza akapewa kazi ya ukatibu jeshini. Yaani uwezo alikuwa nao. Kilichomshinda ni kutulia.

Novemba 1940 akafika Sir Jock Broughton na mke mpya, Diana, wakakaa Karen. Erroll na Diana hata hawakujificha. Usiku wa tarehe 23 Januari walikula pamoja Muthaiga Club, na Broughton akainua glasi kuwatakia heri hao wawili. Sisi huutafuta wivu kwa mtu anayepiga kelele. Huyu alikuwa akitabasamu mezani. Erroll akampeleka Diana kwa densi, akamrudisha Karen usiku sana, akaondoka. Hakufika mbali.

Broughton alishtakiwa hapa Nairobi, na tarehe 1 Julai akaachiliwa. Hakuna mwingine aliyewahi kushtakiwa. Desemba 1942 alijiua hotelini Liverpool. Erroll yuko Kiambu, amezikwa kwa watu waliompigia kura.