Bwana Rudyard Kipling, Baba wa Askari Aliyepotea

Bwana Rudyard Kipling alizaliwa Bombay, katika Bara Hindi, tarehe 30 Desemba 1865. Alipokuwa mtoto mdogo alipelekwa Uingereza akalelewa na watu wasio jamaa zake, na miaka ile ilikuwa ya uchungu kwake. Mwaka wa 1882 alirudi Bara Hindi akafanya kazi ya gazeti mjini Lahore, na huko akaanza kuandika hadithi na mashairi yaliyompatia sifa duniani. Mwaka wa 1907 alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi.

Bwana huyu aliusifu mno utawala wa Waingereza, na Vita Kuu ilipoanza mwaka wa 1914 aliwahimiza vijana waende kupigana. Mwanawe wa kiume alikuwa mmoja tu, jina lake John. Kijana alikataliwa jeshini kwa kuwa macho yake yalikuwa dhaifu. Baba hakuridhika. Alimwendea rafiki yake Lord Roberts, mkuu wa heshima wa kikosi cha Irish Guards, na John akapata cheo cha uafisa.

Tarehe 27 Septemba 1915, majuma sita hivi baada ya kutimiza miaka 18, John alipotea katika mapigano ya Loos, nchini Ufaransa. Habari iliyowafikia wazazi ilikuwa kwamba amejeruhiwa na hajulikani alipo. Wakazunguka katika hospitali, wakawauliza askari waliorudi, mmoja mmoja, wasipate jibu la hakika. Mtu aliyefiwa huzika, hukaa matanga, kisha huyaanua. Lakini aliyepotelewa hajui hata siku ya kuanza kulia.

Mwaka wa 1917 iliundwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Dola ya Uingereza, na Bwana Kipling akawa mmoja wa wajumbe wake. Kanuni yao ilikuwa kwamba afisa na askari wa chini wapewe heshima moja, na asiye na kaburi lijulikanalo jina lake lichongwe katika ukuta wa kumbukumbu. Yeye ndiye aliyechagua maneno ya kuwekwa juu ya kaburi la askari asiyetambulikana, yenye maana kwamba Mungu anamjua. Mwaka wa 1923 alitoa pia historia ya kikosi cha mwanawe katika vitabu viwili. Alifariki tarehe 18 Januari 1936, asijue mwanawe alilala wapi. Mwaka wa 1992 Tume iliandika jina la John juu ya kaburi moja huko Haisnes, ingawa wako waliobisha kuwa si lake.

Kazi yake moja yatuhusu sisi. Mwaka wa 1928 zilisimamishwa Nairobi sanamu tatu za kuwakumbuka Waafrika na Waarabu waliotumika katika vita ile, na mmoja wao ni mpagazi. Bwana Kipling alitunga maneno yake, naye aliwaahidi waliokufa kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Walakini majina yenyewe hayakuandikwa pale. Wapagazi wetu, ambao Kariokor ya Nairobi imepata jina kwao, walikufa kwa maelfu, wengi kwa njaa na kuhara damu, wakaachwa kando ya njia. Wakubwa wa wakati ule waliona kwamba Mwafrika hahitaji jiwe lake mwenyewe. Mwaka wa 2021 Tume ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 wa vita ile, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, ikaomba radhi.

Basi kanuni ilikuwa njema, lakini haikutufikia. Uchungu wa baba yule wa Uingereza ulikuwa ule ule wa mama aliyengoja Machakos au Kisumu, ila mmoja alipata jina juu ya ukuta na mwingine hakupata kitu. Radhi haitoshi kuyarudisha majina yaliyokwisha kusahauliwa. Ndugu wanachama, kila nyumba iliyosikia habari za babu aliyechukua mizigo ya vita asirudi, na iandike jina lake, ukoo wake na kijiji chake, kabla wazee wanaokumbuka hawajatutoka.