Louis wa Kahnawake, Askari Aliyeokolewa Utumwani

Katika mwezi wa Novemba mwaka 1745 kijiji cha Saratoga kiliteketea kwa moto. Kijiji hicho kilikuwa katika Amerika ya Kaskazini, katika nchi iliyotawaliwa zamani zile na Waingereza. Waliokishambulia walikuwa Wafaransa wa Kanada pamoja na rafiki zao Wamohawk, kabila mojawapo la wenyeji wa Amerika. Watu wengine waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Kati ya mateka hao alikuwamo mtoto mdogo na mama yake. Baba wa mtoto huyo alikuwa mtu mweusi wa asili ya Afrika. Mama yake alikuwa wa kabila la Waabenaki, nao pia ni wenyeji wa Amerika.

Ofisa mmoja Mfaransa, alipoiona ngozi ya mtoto, alitaka kumtwaa awe mtumwa wake. Maana siku zile katika nchi za Amerika mtu mweusi alihesabiwa kuwa mali, akanunuliwa na kuuzwa kama ng’ombe. Mama akalia kwa uchungu kwamba huyo ni mwanawe wa kumzaa. Wamohawk waliposikia kilio chake waliingia kati, wakamtoa mtoto mkononi mwa ofisa, wakamrudishia mama yake. Naye mama kwa shukrani akafuatana nao mpaka kwao.

Kwao palikuwa Kahnawake, kijiji cha Wakristo kando ya mto Saint-Laurent, karibu na mji wa Montreal. Mapadre Wayesuiti walikuwa na misioni huko. Ndiyo misioni alimofariki Kateri Tekakwitha, binti Mmohawk, mwaka 1680, ambaye Baba Mtakatifu Benedikto XVI alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 2012.

Wamohawk walikuwa na desturi njema. Mgeni au mateka aliweza kupokewa katika ukoo, akapewa jina, na tangu siku ile hakuitwa mgeni tena. Alikuwa mtoto wa nyumba kama wale waliozaliwa humo. Ndivyo mtoto yule alivyopata jina la Akiatonharonkwen. Jina lake la Kikristo lilikuwa Louis. Padre wa misioni alimpenda, akamweka nyumbani kwake amtumikie, na huko akajifunza Kifaransa. Akakua katika imani ya Kanisa Katoliki.

Alipokuwa kijana Wafaransa na Waingereza walipigana tena. Louis alikwenda vitani upande wa Wafaransa. Mwaka 1755 alikuwa pamoja na wale waliolishinda jeshi la jenerali Braddock karibu na mto Monongahela, na mwaka 1758 alipigana Ticonderoga. Lakini mwaka 1760 mji wa Montreal uliangukia mikononi mwa Waingereza, na Kanada yote ikawa chini yao. Louis hakuupenda utawala huo.

Mwaka 1775 watu wa Marekani waliasi utawala wa mfalme wa Uingereza. Louis akasafiri mpaka Cambridge, karibu na mji wa Boston, akaonana na jenerali Washington, akajitolea kuwasaidia. Tarehe 15 Juni 1779 serikali ya Wamarekani ilimpa cheo cha Luteni Koloneli. Hakuna mwenyeji wa Amerika aliyepata cheo kikubwa kuliko hicho katika jeshi lao la vita vile. Mtoto aliyetakiwa kuwa mtumwa sasa alisimama mbele ya askari akiwa amevaa alama za ofisa mabegani.

Inasimuliwa kwamba ofisa mmoja kijana, mzaliwa wa Ufaransa, alipokuwa akitembea mwituni karibu na kambi ya Valley Forge mwaka 1778, alisikia wimbo wa Kifaransa. Akadhani ni mtu wa kwao. Alipotazama alimwona Louis, mtu mrefu aliyevaa mavazi ya jeshi. Wakasalimiana, wakala pamoja chakula cha asubuhi.

Walakini vita haina huruma. Wamohawk na Waoneida walikuwa ndugu katika umoja wa mataifa ya Iroquois, nao walikuwa wameishi kwa amani miaka mingi. Tarehe 6 Agosti 1777, mahali paitwapo Oriskany, Waoneida walikuwa upande wa Wamarekani, na Wamohawk wengi upande wa Waingereza. Ndugu wakauana. Louis alikuwa kati ya Waoneida siku ile.

Baada ya vita Louis alikaa Akwesasne, ambako pia palikuwa na misioni ya Mtakatifu Regis. Ardhi ya wenyeji ilizidi kuchukuliwa. Mwaka 1796 Louis na wazee wenzake walitia sahihi mapatano na jimbo la New York. Watu wao waliachiwa huko Akwesasne eneo lenye upana wa maili 6 kila upande, pamoja na vipande vingine vidogo. Madai yao juu ya ardhi nyingine ya jimbo lile yakakoma. Tena nchi ile iliyompa Louis cheo iliendelea kuwashika watu weusi utumwani mpaka mwaka 1865.

Vita ilipozuka tena mwaka 1812, Louis, ijapokuwa mzee, alirudi jeshini. Katika mwezi wa Oktoba 1814, karibu na mji wa Buffalo, alianguka kutoka juu ya farasi, akaumia sana, akafa. Umri wake ulikuwa umepita miaka 70.

Mwanadamu mmoja aliitazama ngozi ya Louis akaona mali. Wengine walikisikia kilio cha mama yake wakaona ndugu. Mkatekumeni anayengoja Ubatizo na afikiri jambo hilo. Naye anatolewa utumwani, yaani utumwa wa dhambi. Naye anapewa jina jipya na kupokewa katika nyumba isiyokuwa yake. Mungu humfanya mwana katika Yezu Kristu, bila kutazama rangi wala kabila. Basi aliyepokewa hivyo atawezaje kumwita mwenzake mgeni, au kuinua mkono juu ya ndugu yake?