Mwalimu na Mpaka wa Kagera

Kila tukifanya mdahalo kuhusu nchi moja kupeleka jeshi nchi nyingine, lazima Mwalimu atajwe. Wanaounga mkono wanamtaja, wanaopinga nao wanamtaja. Basi tumwangalie mzee huyu, tuone maisha yake yalimfikishaje Kampala.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Alisoma Mwisenge kule Musoma, akaenda Tabora, kisha Makerere akachukua stashahada ya ualimu. Wenzangu wa kitivo cha elimu, huyu ni mwenzetu kabisa, na aliyempa ualimu ni Uganda! Alifundisha Tabora, akasoma Edinburgh, akarudi kufundisha Pugu. Mwaka 1954 TANU ikazaliwa, mwaka uliofuata akaacha chaki. Tarehe 9 Desemba 1961 tukapata uhuru.

Mwaka 1964, kwenye mkutano wa OAU kule Cairo, yeye ndiye aliyepeleka hoja kwamba mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe. Shikeni hilo, tutalirudia.

Januari 1971 Idi Amin alimpindua Milton Obote. Mwalimu akampokea Obote na kukataa kumtambua Amin. Septemba 1972 wapiganaji wa Obote waliingia Uganda wakitokea ardhi yetu, wakashindwa. Tuseme ukweli jamani, na sisi hatukuwa na mikono mitupu.

Oktoba 1978 askari wa Amin walivamia kaskazini ya mto Kagera. Waliua watu, wakaswaga ng'ombe, daraja la Kyaka likavunjwa, na Amin akatangaza eti eneo lile ni lake. Chato siku hizo ilikuwa ndani ya wilaya ya Biharamulo, mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao baadaye uliitwa Kagera. Kwa wazee wetu, vita ya Nduli haikuwa habari ya redioni tu.

Novemba Mwalimu alitangaza vita. Kumtoa mvamizi hakuna anayebisha. Ubishi unaanza Januari 1979, JWTZ ilipovuka mpaka. Masaka ikachukuliwa, nyumba nyingi zikabomolewa, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka, Waganda waliokuwa uhamishoni wakipigana pamoja nasi. Julai, kwenye mkutano wa OAU Monrovia, Numeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walimlaumu. Yule aliyetetea mipaka Cairo ndiye aliyeuvuka.

Mimi nasimama wapi? Naona alikuwa na haki ya kuvuka. Amin ndiye aliyevamia, na OAU ilitaka wapatanishwe bila kumlaani mvamizi. Kuishia mpakani ilikuwa sawa na kumfukuza fisi zizini halafu ukalala mlango wazi. Tena Mwalimu hakuchukua hata shamba moja la Uganda.

Lakini haki ya kuingia si uhodari wa kujenga. Alikuja Lule, akatolewa. Akaja Binaisa, akatolewa. Ikaja Tume ya Kijeshi. Desemba 1980 Obote akarudi kwa uchaguzi uliolalamikiwa, na mwaka 1981 Waganda wakaanza kupigana upya. Huku nyumbani Mwalimu alituomba tufunge mikanda miezi 18. Miezi ikaisha, mikanda ikabaki palepale: foleni ya sukari, foleni ya sabuni. Bili hiyo walilipa babu na bibi zetu.

Mwalimu aling'atuka mwaka 1985 na kufariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Kwa hiyo wewe utakayesimama mdahalo ujao, usimtumie kama muhuri wa kuhalalisha kila vita. Tuambie nani kaanza, wenye nchi wanataka nini, nani atalipa, na siku ya pili baada ya ushindi nani ataongoza. Maswali matatu ya kwanza, kwa Kagera, tuna majibu yake. La nne ndilo lililotushinda.